Waliosimama kumi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: timu ya futiboli ya Kimarekani ikiboronga kwenye timu maalumu, kocha abebe lawama kiasi gani? Jibu langu ni karibu zote, ukiondoa teke lenyewe. Ila kocha ninayemsema mimi huenda siye mnayemdhania.

Kwa aliyezoea kabumbu tu: timu maalumu ni vikosi vinavyoingia pale mpira unapopigwa teke, iwe ni kuanzisha mchezo, kuuondosha mpira uende mbali, au kutafuta pointi 3 kati ya milingoti. Timu ina wachezaji 53, na kwa kawaida ni watatu tu walioajiriwa kwa kazi hiyo peke yake: mpigaji wa pointi, mpigaji wa kuondosha, na yule anayeurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu. Wengine wengi ni wa akiba, wa kuazimwa. Akiumia beki mmoja, wa akiba anapanda kuziba pengo, na timu maalumu inabaki kuokota mtu ambaye pengine hajaifanyia mazoezi kazi ile wiki nzima.

Mkitaka kuona kazi ya kocha inaanzia wapi, tazameni mechi ya mchujo (ya mtoano baada ya msimu) ya ligi ya NFL ya Januari 22, 2022, Green Bay ikiwa nyumbani dhidi ya San Francisco. Green Bay ilikuwa imeshinda mechi 13 msimu ule, na usiku huo ulinzi wake haukuruhusu tachidauni (mpira kuingizwa kwenye eneo la mwisho la mpinzani) hata moja. Ikafungwa 13-10. Teke lake la pointi 3 kabla ya mapumziko lilizuiwa. Zikiwa zimebaki dakika zisizofika 5, teke la kuondosha nalo likazuiwa, Talanoa Hufanga akauokota mpira na kuingia nao, ubao ukasoma 10-10. Kisha Robbie Gould akajipanga kupiga teke la ushindi la yadi 45, na Green Bay ilikuwa na watu 10 uwanjani. Kumi! Hapo hakuna kipaji, hakuna mbio, hakuna misuli. Pengine Gould angefunga hata mbele ya watu 15, lakini kuhesabu hadi 11 ni kazi ya benchi.

San Diego ya 2010 inaniuma zaidi, ingawa si timu yangu. Iliongoza ligi nzima kwa yadi ilizosonga mbele na mpira, na ikaongoza pia kwa uchache wa yadi ilizoruhusu. Ikamaliza na ushindi 9 na vipigo 7, mchujo ikauangalia kwenye televisheni. Pigeni hesabu ya vipigo vitatu vya mwanzo. Kansas City iliwashinda kwa pointi 7, na Dexter McCluster alikuwa amerudisha teke, yaani kuudaka mpira uliopigwa na kukimbia nao, yadi 94 hadi tachidauni: pointi 7. Seattle nayo iliwashinda kwa 7, Leon Washington akiwa amerudisha mateke mawili: pointi 14. Oakland iliwashinda kwa 8, baada ya kuzuia mateke mawili ya kuondosha katika robo ya kwanza: pointi 9. Wapo waliosema ni mkosi. Mara moja, sawa. Mara tatu katika mechi tano, mbele ya wapinzani watatu tofauti, hapo nyumba haina msimamizi.

Kocha anapoishiwa ujanja ni kwenye mguu wa mtu. Januari 2024 Green Bay ilirudi mbele ya San Francisco ileile, safari hii timu maalumu ikiwa mikononi mwa Rich Bisaccia, mtu anayeheshimika sana katika fani hiyo. Wakiongoza 21-17 katika robo ya mwisho, Anders Carlson, mpigaji kijana, akakosa teke la yadi 41. Wakafungwa 24-21. Sijui mtu amfundishe nini Carlson kwa sekunde ile.

Lakini Bisaccia huyohuyo alifika Green Bay mwaka 2022, na Keisean Nixon, mchezaji aliyekuwa naye kwenye timu ya Raiders, akafika mwaka huohuo. Kwa miezi kadhaa kazi ya kurudisha mateke alipewa mwingine, aliyekuwa akiponyokwa na mpira kila mara. Nixon alipoingia, akaishia kwenye kikosi bora cha ligi miaka miwili mfululizo. Alikuwepo tangu mwanzo, na miguu yake ilikuwa ileile.

Ndiyo maana lawama zangu huanzia kwa kocha mkuu. Msaidizi wake wa timu maalumu hagawi dakika za mazoezi, wala si yeye mwenye neno la mwisho kama beki mzuri ahatarishwe kwenye teke la kuanzisha. John Harbaugh aliifanya kazi hiyo ya usaidizi Philadelphia kuanzia 1998 hadi 2006, kisha Baltimore ikampa timu nzima mwaka 2008. Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2013 aliongoza 34-29 dhidi ya San Francisco, zimebaki sekunde 12, na ilibidi timu yake iuondoshe mpira kutoka ndani ya eneo lake la mwisho. Sam Koch hakupiga. Alizungukazunguka na mpira huku wenzake wakiwakumbatia wapinzani waziwazi, maana adhabu isingewagharimu chochote zaidi, kisha akatoka nje. Kwa kutoka hivyo, Baltimore ikawapa wapinzani pointi 2 kwa hiari na kula sekunde 8. Watu kumi na mmoja hawakubaliani jambo kama hilo palepale uwanjani, lilishapangwa. Sekunde 4 zilizobaki hazikuwatosha San Francisco.

Msomaji wenu, Milwaukee