Piramidi za Giza kwa siku moja: kuingia ndani ya piramidi, na bei ya kushuka kwenye ngamia

Mkuu uliyeuliza kama siku moja inatosha kuziona piramidi za Giza, na kama kuna haja ya kulipia tiketi ya kuingia ndani: inatosha, na ingieni, ila si lazima wote.

Sisi tulikuwa wanne, Wabongo watatu na Mkenya mmoja, mwaka 2019, tuko Cairo kwa mafunzo ya wiki mbili. Tulipatana kutoka saa moja asubuhi. Tukatoka saa tatu kasoro, kwa sababu kuna mtu (anajijua) alikuwa anapiga pasi shati la kupigia picha. Usiruhusu hilo. Tulipofika, mabasi ya watalii yalishamwaga watu na jua limeshachangamka.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba piramidi haziko porini huko jangwani kama zinavyoonekana kwenye picha. Unapita maghorofa ya matofali, nguo zimeanikwa, gereji, wauza machungwa, halafu kwenye upenyo kati ya nyumba mbili jiwe limeziba anga. Dereva wala hakugeuza shingo.

Sasa ngamia. Tulielewana bei vizuri, tena tukajiona wajanja kwa kuipunguza nusu. Ngamia akiinuka anaanza na miguu ya nyuma, kwa hiyo unatupwa mbele kama gunia, shika sana. Tulizunguka, picha zikapigwa. Kurudi, mwenye ngamia anasema ile ilikuwa bei ya kupanda, kushuka ni hesabu nyingine. Na kule juu huwezi kuruka! Mkenya wetu aligoma, akakaa juu robo saa nzima amekunja mikono, ngamia anatafuna tu. Mwishowe tulitoa bakshishi, neno ambalo kule halihitaji mkalimani. Nyie pataneni bei ya kupanda, kuzunguka na kushuka, na pesa itoke mfukoni miguu ikiwa mchangani.

Kuhusu ndani. Tunazungumzia ile kubwa ya Farao Khufu, yenye miaka zaidi ya 4,500 na mawe yanayokadiriwa kufika milioni 2.3. Watalii hawapiti mlango wa asili bali tundu lililotobolewa chini yake, ambalo inasimuliwa kuwa ni kazi ya watu wa Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9. Ukishapita hapo inakuja njia ya kupanda, kimo chake kama mita 1.2, mwinuko mkali, chini wameweka mbao zenye vizuizi vya kukanyagia. Unakwenda umeinama kama unaingia banda la kuku, na wanaoshuka mnapishana humohumo. Mimi nilitegemea ubaridi wa pango. Wapi! Ni joto na jasho la watu. Mwenzetu mmoja alikwama katikati, pumzi fupifupi, nyuma kuna foleni. Mama mmoja mtalii, mtu mzima kabisa, akamgusa mgongoni akawa anamhesabia hatua kwa Kihispania mpaka wakatokea juu. Kihispania jamaa hakijui hata kidogo, ila alifuata.

Halafu ghafla unanyooka. Dari inaruka juu zaidi ya mita 8, kuta zinasogeleana tabaka kwa tabaka kadiri zinavyopanda. Hapo ndipo nilipoelewa nimelipia nini. Mwisho wake unainama tena, unaingia chumba cha mfalme: itale (granaiti) tupu, sakafu, kuta na dari, mawe yaliyoletwa kwa Mto Nile kutoka Aswan, kusini kabisa. Hakuna dhahabu, hakuna michoro ukutani, kuna jeneza la jiwe tu, halina kifuniko na pembe yake imemeguka. Nilijaribu kupitisha ukingo wa kadi ya hoteli kwenye kiungo cha mawe mawili, ukakataa. Na lile jeneza ni pana kuliko njia tuliyopandia, maana yake liliwekwa humo chumba kikiwa bado hakijafunikwa.

Kwa wale watakaokuja kusema ni kazi ya majini au viumbe wa sayari nyingine: mwaka 2013 yalipatikana, kwenye ufukwe wa Bahari ya Shamu, mafunjo (karatasi za kale za Misri) ya msimamizi aliyeitwa Merer, ameandika siku baada ya siku jinsi kikosi chake kilivyosomba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura kupeleka Giza. Majini hayaandiki ripoti ya kazi.

Usidanganyike na ile ya katikati, ya Khafre, inayoonekana ndefu zaidi. Imekaa mahali palipoinuka. Iangalie kileleni, bado ina mabaki ya lile ganda laini lililokuwa limezifunika zote. Sfinksi, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, tuliiacha mwisho, tukiwa hoi, na tuliiharakisha.

Sisi mashua ya Khufu, ile ya mbao iliyozikwa kando ya piramidi yake, tuliiona palepale uwanjani, lakini mwaka 2021 ilihamishiwa kwenye jumba kubwa jipya la makumbusho, jirani tu. Ukitaka na jumba hilo, tenga siku ya pili.

Mwenye magoti mabovu au anayeogopa sehemu za kubana abaki nje na mabegi. Wa nne wetu alibaki, akanunua chai, akakaa kivulini kupiga picha, na shati lake lilikuwa bado limenyooka.