Je, tungamo la isotopi ni jumla ya chembe zake?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Bagamoyo. Katika daftari la mwanafunzi nimekuta sentensi hii: "Uzito wa isotopi ni jumla ya protoni na nyutroni zake." Mwenzangu anaiona sahihi, lakini mimi inanikwaza. Naomba ufafanuzi.

Jibu: Inakukwaza kwa haki, Mwalimu, kwa kuwa imechanganya kuhesabu na kupima. Ukijumlisha protoni na nyutroni za isotopi (aina ya atomu za elementi moja, inayotofautiana na nyingine kwa idadi ya nyutroni) unapata idadi, ambayo huitwa namba ya tungamo, nayo daima ni namba kamili. Tungamo lenyewe, yaani kiasi cha maada, hupimwa. Hata pale sokoni kwenu, vibua 12 si lazima viwe kilo 12.

Chukua klorini iliyomo katika chumvi ya mashamba ya pwani yenu. Ina isotopi mbili thabiti, zote zenye protoni 17, ila moja ina nyutroni 18 na nyingine 20. Kwa hiyo namba zake za tungamo ni 35 na 37, ilhali matungamo yaliyopimwa, kwa kizio cha tungamo la atomu, ni takriban 34.969 na 36.966. Ile 35.45 iliyomo katika jedwali la elementi ni wastani wa klorini ya asili, wala hakuna atomu hata moja yenye tungamo hilo.

Linalonishughulisha zaidi ni neno "jumla". Hata kama mwanafunzi angeandika "jumla ya matungamo ya chembe zake", bado angekosea. Katika kizio hicho, tungamo la atomu ya kaboni-12 limewekwa kwa makubaliano kuwa 12 kamili, lakini protoni zake 6, nyutroni 6 na elektroni 6, zikipimwa kila moja peke yake, zinafikia takriban 12.099. Pungufu hilo ni sawa na nishati inayotoka chembe zinapofungamana katika kiini, kwa mlinganyo wa Einstein wa mwaka 1905. Ndiyo maana napendelea "hutokana na" badala ya "ni jumla ya".

Ningeandika hivi: "Namba ya tungamo ya isotopi ni idadi ya protoni na nyutroni zake; tungamo la atomu yake hutokana na chembe hizo pamoja na elektroni, likipungua kidogo kuliko jumla yao."

Kuhusu "uzito", katika mazungumzo singemsumbua mtu, lakini katika mtihani ningelisahihisha: kilo moja ya chumvi ikifikishwa Mwezini, tungamo lake halibadiliki, ila uzito wake hubaki takriban moja ya sita.