Kwa mnaoanza fildi ya afya ya akili Mwanza: msiikimbilie dopamini

Wadogo zangu mnaokuja Mwanza kwa fildi, karibuni. Wodini mtafundishwa mengi na watu wanaojua kuliko mimi, kwa hiyo nitashika jambo moja tu linalowaponza karibu wote wanaoanza: kila mgonjwa anaelezwa kwa dopamini, ile kemikali ambayo baadhi ya seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Kijana kabeti mpaka ada imeisha, dopamini. Binti hashiki kitabu, anashika simu, dopamini. Mchangamfu anayo nyingi, mkimya anayo kidogo. Ukiwauliza wanafunzi hao wameyatoa wapi, ni video ya dakika moja.

Tuanze na kiasi. Seli zinazotengeneza dopamini kwenye ubongo wa kati zinakadiriwa kuwa 400,000 hadi 600,000, ndani ya ubongo wenye seli za neva kama bilioni 86. Ni chache, ila matawi yake yanafika mbali, na kila njia ina kazi yake. Moja inahusika na mwendo wa mwili, na ndiyo inayokufa polepole kwa mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Nyingine ni ya hamu na kujituma. Nyingine inakwenda sehemu ya mbele ya ubongo, kwenye kupanga na kupima mambo. Iko pia nyingine, hii haianzii ubongo wa kati bali haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, inayozuia homoni ya maziwa, ndiyo maana baadhi ya dawa za akili zinaweza kumtoa maziwa mtu asiyenyonyesha. Vipokezi navyo, yaani sehemu za seli zinazoipokea dopamini, ni aina 5, D1 mpaka D5. Sasa mtu akikwambia fulani ana dopamini nyingi, muulize ni kwenye njia ipi na kipokezi kipi. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Halafu kuna hili la kudhani dopamini ndiyo raha yenyewe. Mwaka 1954, kule Montreal, watafiti James Olds na Peter Milner waliweka nyaya kwenye ubongo wa panya, na panya wakawa wanabonyeza kitufe bila kuchoka ili wapate umeme kidogo. Watu wakasema kituo cha raha kimepatikana. Miaka ikapita, Kent Berridge na wenzake huko Marekani wakachunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote. Wakitiwa sukari mdomoni walijilamba kama panya wengine, lakini hawakujisumbua kukifuata chakula kilichokuwa mbele yao. Kupenda kulikuwepo, kutafuta ndiko kulikoondoka. Mtafiti mwingine, Wolfram Schultz, naye aliwapa nyani juisi baada ya kuwaonyesha ishara. Mwanzoni seli za dopamini zilichangamka juisi ikifika. Nyani walipoizoea ile ishara, seli zikawa zinachangamka kwenye ishara, na juisi ikifika hazishtuki. Na juisi isipokuja kwa wakati wake, zinashuka chini ya kawaida.

Ukitaka picha ya jambo hili, pita kwenye kibanda cha kubeti pale Kirumba Jumamosi jioni. Aliyeshinda mwache, anahesabu hela zake. Mwangalie yule ambaye mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia, umebakiza mechi moja. Hakai. Kashika hindi la kuchoma limepoa na hajaling'ata. Mwamuzi akipuliza filimbi anaguna hata kabla hajajua faulo ni ya nani. Mwaka 2003 Schultz na wenzake waliripoti kwamba katika kusubiri, seli hizi kwa nyani zilipanda zaidi pale ambapo kupata na kukosa vilikuwa nusu kwa nusu. Wenye vibanda hawakuhitaji kusoma utafiti huo.

Je, hulka? Uhusiano upo, sikatai. Daktari wa akili Robert Cloninger katika miaka ya 1980 aliihusisha dopamini na kupenda mambo mapya. Mwaka 1996 tafiti 2 zikatangaza kwamba jeni (chembe ya urithi) ya kipokezi cha D4 inaendana na hulka hiyo, magazeti yakashangilia, kisha waliorudia wengine wakapata, wengine wakakosa. Siku hizi wanaosoma haiba, kama Colin DeYoung, wanaiweka zaidi kwenye uchangamfu na udadisi: yaani namna mtu anavyovutwa na uwezekano wa kupata kitu, kiwe watu, pesa au jambo la kujua. Lakini kila jeni moja moja inachangia kiasi kidogo mno. Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia huyu ni mtu wa namna gani.

Kwa huku kwetu ziwani naongeza onyo langu mwenyewe. Mtaletewa mvuvi wa dagaa, mtaandika "anapenda hatari", kwa kuwa anakesha majini bila kujua atarudi na nini. Mwulizeni kwanza tajiri wake amemkopesha kiasi gani, huenda ni deni linalompeleka majini. Huyohuyo, mbalamwezi ikiwaka na dagaa hawavuliki, utamkuta kivulini anacheza drafti na kulalamikia bei ya mafuta, mtu mwoga wa kawaida kama mimi na wewe.

Jambo ambalo hasa natamani mlishike ni dawa. Kijana kaletwa anapiga kelele, kaanzishiwa haloperidoli, dawa ya akili ambayo inaziba vipokezi vya D2. Wiki inayofuata mwanafunzi anaandika: "mpole, mkimya, hapendi watu." Na mama yake anashukuru, mwanangu katulia. Hebu msimamishe, mwambie atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mikono haipepei, imening'inia tu. Anageuka kwa hatua ndogondogo, mwili mzima kwa pamoja. Uso haukunji wala haukunjuki hata ukimtania. Shika kiwiko chake ukikunje taratibu, utasikia kinakwamakwama. Hiyo si hulka, ni dawa. Mwite daktari aangalie dozi.

Upande wa pili upo pia. Dawa za Parkinson zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli, zimewahi kuwaingiza wazee watulivu kwenye kamari, kununua ovyo na tamaa ya ngono isiyo ya kawaida yao. Dozi ikipunguzwa au dawa ikisimamishwa chini ya uangalizi, wengi hurudi kuwa kama walivyokuwa. Msimwambie mgonjwa aache mwenyewe, ni hatari. Na ndugu wakiuliza kama kuna chakula au sindano ya kuongeza dopamini, waelezeni kwamba dopamini ya kwenye damu haivuki kuingia ubongoni. Ile dripu ya dopamini ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ni ya kupandisha presha.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa, tafuta kwanza alivyokuwa. "Ana hamu na mambo?" ni swali la mtihani, halijibiki. Uliza: zamani akisikia mitumbwi imeingia alikuwa anafanya nini? Akipata hela anaipeleka wapi? Alianza lini kutofanya hivyo, na dawa ilianza lini? Tarehe hizo 2 ziandike mstari mmoja. Mzee akijibu kwa mkato kwa Kiswahili, mwombe sista anayejua Kisukuma akae nanyi, maana kuna wanaoonekana hawana hamu kumbe lugha ndiyo imewabana. Na siku ya kliniki, mwambieni aje na mtu anayelala naye nyumba moja. Aliyelipa nauli tu mara nyingi hajui kitu.