Mvinyo wako wa kwanza wa choya: usiamini mapovu

Chupa ya kwanza ilipasuka usiku, mwezi wa Oktoba. Asubuhi nikakuta rafu ya jikoni imelowa, vipande vya kioo vimefika hadi mlangoni na dari ina madoa mekundu. Kabla ya jioni zikapasuka nyingine mbili. Mungu alituepusha, maana mwanangu hupenda kukaa palepale kwenye kigoda akimenya vitunguu.

Kwa hiyo kama unataka kujaribu mvinyo nyumbani, naomba unisikilize kwenye hili la chupa kuliko yote.

Watu huniuliza kwa nini sikuanza na zabibu wakati nipo Dodoma, mkoa wa mizabibu. Ilikuwa Juni, mavuno ya mwanzo wa mwaka yameisha na ya Agosti bado. Choya kavu, yale maua mekundu ya rosela, ipo sokoni muda wote, na kwa anayeanza naiona bora: ina uchachu wake wa kutosha, huhitaji kuongeza limau.

Vipimo vyangu ni gramu 250 za choya, sukari kilo 2, kiganja kimoja cha zabibu kavu, na maji ya kufikisha lita 10. Suuza choya haraka, kuna mchanga mwingi. Imwagie lita 4 za maji yanayochemka, funika nusu saa, chuja, koroga sukari ikiwa bado moto. Jazia maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukichovya kidole usisikie joto, tia zabibu kavu na hamira. Kwenye maji ya moto hamira hufa. Kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate kinatosha, ingawa hamira ya mvinyo ikipatikana ladha huwa safi zaidi.

Ndoo iwe ya vyakula, yenye mfuniko unaobana, iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Mimi nilitoboa mfuniko, nikapitisha mpira mwembamba, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Hewa ikiingia utapata siki, kwa hiyo usifunue kila siku kuonja.

Sasa mapovu. Siku za kwanza yalitoka mfululizo, bwabwabwa, nyumba nzima inasikia. Wiki ya pili yakapungua, ya tatu yakakatika kabisa. Nikaamini kazi imekwisha, nikajaza chupa za kioo na kuzifunga. Kumbe ni baridi. Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma ni mkali, na hamira ikipata baridi hulala, haifi. Sukari ilikuwa bado imo. Joto la Oktoba lilipokuja, ikaamka ndani ya chupa iliyozibwa, gesi haina pa kutokea.

Dawa yake ni haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea: sukari ikiwa nyingi namba huwa juu, ikiliwa na hamira hushuka. Kabla ya kutia hamira, mchanganyiko huu husoma karibu 1.075. Ukiisha kuchachuka hushuka chini ya 1.000. Pima, ngoja siku tatu, pima tena. Namba ikiwa ileile na iko chini ya hapo, hamisha kwa mpira kwenda chombo kingine ukiacha mashapo chini. Ikisimama juu, tuseme 1.020, usijaze chupa: peleka ndoo chumba chenye joto, tikisa taratibu, subiri. Kilevi chake hufika kama asilimia 10, hivyo si juisi, weka mbali na watoto. Kuuza ni habari nyingine, kuna leseni na viwango vya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Na hata baada ya kupima, mpaka leo kila nikijaza chupa za kioo najaza na moja ya plastiki, ya maji ya kunywa. Kila nikipita naibonyeza. Ikilegea, nalala. Ikiwa ngumu kama jiwe, nafungua zote siku hiyohiyo, nikizishika kwa taulo nene.