Kwa nini nazeekea Kilifi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Umeniuliza: nikiugua huku Kilifi nani atanipeleka hospitali, na kwa nini nisirudi Minneapolis, Marekani, nizeeke karibu na wajukuu? Najua ni mapenzi yanayokuulizisha.

Nianze na hospitali, maana hapo ndipo penye uzito. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani niliyokatwa mshahara miaka yote ya kazi kwa ajili yake, hailipi matibabu ya huku. Hata hivyo sehemu yake ya B, ya kulipia madaktari, naendelea kuilipia kila mwezi. Nikiiacha kisha nikaitaka tena, ada hupanda asilimia 10 kwa kila mwaka mzima nilioikosa, na nyongeza hiyo haiondoki. Kwa hiyo maradhi yanayoweza kungoja ndege nitayatibia huko. Yasiyongoja nitayatibia Mombasa, na pesa zake nimezitenga, siziguzi kwa matumizi. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, pia nimejiandikisha, ila siitegemei peke yake.

Pensheni ya Social Security, ile ya serikali ya Marekani, inanifuata hukuhuku. Uraia wa Kenya nilioupoteza nilipochukua wa Marekani nimeurudisha, kwa kuwa katiba ya 2010 inaturuhusu kuwa na nchi mbili. Wastaafu wa Kizungu huhitaji kibali cha ukaazi cha daraja K, na ardhi hukodishiwa tu, isizidi miaka 99. Mimi niko kwetu.

Na upweke, mwanangu, niliuonja huko. Mlikuwa mkitoka asubuhi nyote, nami nabaki na televisheni hadi jioni. Siwalaumu, kazi za huko ndivyo zilivyo. Huku nikichelewa kufungua dirisha la uani, mamako mdogo huja kugonga. Juzi alikuja na samaki changu wawili, akaketi kibarazani kuwapaa, magamba yakimrukia mpaka kwenye leso, huku akinitaka shauri juu ya posa ya bintiye. Naulizwa mambo, na neno langu linasikizwa. Hilo sitaki kuliacha.

Nisaidie mawili. Social Security hutuma fomu kwa sisi tulio nje, kuhakikisha tungali hai. Isiporudishwa, malipo husimamishwa. Barua huku huchelewa, basi nikumbushe niifuatilie. Pili, kodi ya Marekani bado yanihusu, na jumla ya akaunti zangu za Kenya ikipita dola 10,000 lazima niitangaze huko. Hesabu hizo nakuachia wewe.

Desemba njooni nyote. Kata tiketi mapema kabla bei hazijapanda.

Mamako