Tubaki au tuondoke? Jibu kwa mwenzetu wa Kisumu

Mwenzetu wa Kisumu ameuliza jambo ambalo naona wengi wanalizunguka tu. Mtengeneza video wanayemfuata tangu akiwa hajulikani ametuhumiwa na wasichana wawili kwamba aliwaandikia ujumbe wa mapenzi usiku wakiwa bado shule ya upili. Yeye amekana. Grupu yao ya WhatsApp imegawanyika, na kuna pesa walizochanga kumleta Kisumu aonane na mashabiki. Sasa wabaki au waondoke?

Najibu kwa sababu yalishatufika Nakuru. Nilikuwa mmoja wa maadmini wa grupu ya mashabiki wa mchekeshaji mwingine wa mtandaoni, na tuhuma zilikuwa za namna hiyo hiyo.

Jambo la kwanza lililotugawa ni ile kauli kwamba mtu hana hatia hadi mahakama iseme. Ni kweli, na iko katika Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010. Lakini haki hiyo inamkinga mshtakiwa dhidi ya kuadhibiwa na dola bila ushahidi. Haikulazimishi wewe kumlipa kila mwezi, wala kumpigia debe mtaani. YouTube yenyewe haikungoja hukumu: Septemba 2023 ilisitisha mapato ya matangazo ya Russell Brand wa Uingereza baada ya tuhuma alizozikana, huku video zake zikibaki pale pale. Unaweza usimhukumu mtu na bado ufunge mfuko wako.

Basi tenganisheni mambo. Kutazama ni jambo moja, kulipa ni jingine, kumtetea ni jingine kabisa. Na mfahamu pesa inavyotembea. Tangazo likichezwa kwenye video ya kawaida ya YouTube, si zile fupi za Shorts, mwenye chaneli hubaki na asilimia 55 ya mapato. Kwa uanachama wa kulipia hupata asilimia 70. Ukiacha kuifuata chaneli, uanachama wako wa kulipia hausimami, unaendelea kukatwa pesa mpaka uufute mwenyewe. Wenzetu kadhaa walitangaza kwa hasira kwamba wameondoka, kumbe kadi zao bado zinachangia.

Ila kilichonifanya mimi niondoke hakikuwa sheria wala pesa. Yaliyotokea faraghani sikuyaona, na wala wewe hutayaona ukiwa na simu mkononi, hata usome picha za skrini mpaka alfajiri. Yanayotokea baada ya tuhuma unayaona kwa macho yako. Huyu wa kwetu alikwenda laivu TikTok, akakana, sawa, ni haki yake. Kisha akataja mtaa anakoishi msichana aliyemtuhumu na kuwaambia mashabiki, "Nyinyi mnajua la kufanya." Zawadi zikamiminika kwenye skrini akiendelea kuongea.

Kesho yake mwanachama mmoja akaweka grupuni picha ya yule msichana akiwa na sare. Uso ulikuwa umefunikwa kwa emoji, lakini sweta ilionekana, na Nakuru kila mtu anajua sweta ni ya shule gani. Niliifuta na kumtoa aliyeituma. Kwa sheria yetu ya 2018 ya makosa ya mtandaoni, kumwandama mtu namna hiyo kunaweza kukupeleka kortini, na hapa aliyeandamwa ni mtoto, kwa kuwa hajafikisha miaka 18. Admini akiiacha picha kama hiyo hata kwa saa moja, ameshachagua upande.

Jioni hiyo binti mwingine, mwanachama wetu wa kidato cha tatu ambaye huwa haandiki kitu, alinitumia ujumbe pembeni. Hakuuliza kama mchekeshaji ana hatia. Aliuliza kama namba yake ya simu inaonekana na kila mtu grupuni. Nikamwambia ndiyo, inaonekana. Akatoka.

Nilimfikiria sana. Tulikuwa tumejaza ukurasa tukibishana juu ya mtu mmoja asiyejua hata majina yetu, na mtoto aliyekuwa miongoni mwetu amekaa anahesabu ni wangapi wetu wanaweza kumpigia.

Kuna wanaosema wasichana hawa wanatafuta kiki. Mimi kiki sikuiona. Msichana wa kwetu alifunga akaunti zake zote, na matusi yakahamia kwa dada yake. Nami siwahesabu wabaya wenzangu waliobaki. Mmoja alikuwa akimtazama huyo mchekeshaji kila usiku alipokuwa akimuuguza mamake, na kicheko kile kilimsaidia kweli. Hakuna wa kumnyang'anya hilo. Tulikubaliana tu kwamba asimtetee mchekeshaji mbele ya wasichana wa grupu, naye akaheshimu.

Kwa hiyo ndugu yangu, mtazameni huyo wenu anavyowatendea walalamishi leo. Akikana na kunyamaza, akaacha wanaohusika wachunguze, mnaweza kukaa mkingoja huku mmesimamisha malipo. Akiwatuma mumfanyie kazi ya kutisha watoto, ondokeni. Na kama kuna binti kwenye grupu yenu aliyewahi kuandikiwa naye, asihojiwe grupuni. Mpeni namba 1195, ya bure, ya kusaidia walioathiriwa na ukatili wa kijinsia, au 116 kama ni mtoto, na mwambieni asifute ujumbe alionao.

Pesa za Kisumu zirudi sasa hivi, msingoje uchunguzi uishe, maana mkimleta mtawakusanya wanafunzi mbele yake kwa jina lenu. Mweka hazina achapishe taarifa ya M-Pesa, kila mtu arudishiwe alichotoa kwa namba ile ile aliyotumia. Kama mlishalipa arbuni ya ukumbi na haiwezi kurudi, semeni hivyo wazi na mgawane hasara. Mkitaka bado kukutana wenyewe pale ufukweni Dunga, kutaneni. Wale mabinti waje na dada zao wakipenda.