Nimekuta noti feki kwenye mauzo, niipitishe?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Juzi kwenye kuhesabu mauzo nimekuta noti moja feki, sijui kanipa nani. Shemeji yangu anasema niichanganye na nyingine niitoe usiku maana hata mimi nimepigwa. Pia nasikia wanataka kuongeza kifungo kwa wenye pesa feki, je hiyo inakubalika kidini wakati Qurani haijataja adhabu yake? Halafu niseme ukweli tu, mwaka jana moja niliipitisha.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, shemeji yako mwambie hapana. Aliyekupiga ni mwingine, huyo utakayempa gizani ambaye hana hata nafasi ya kuiinua kwenye mwanga atafute alama ya maji, yeye kakukosea nini? Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula akaingiza mkono ndani vidole vikatoka na maji, juu pakavu chini pamelowa, mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua, akamuuliza kwa nini hukukiweka juu watu wakione, anayeghushi si katika mimi. Sasa noti yako ndo chakula kile kile.

Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki 1111, kanukuu kabisa kwamba kutoa dirhamu moja feki ni kubaya kuliko kuiba dirhamu mia, maana wizi unafanyika mara moja umeisha, lakini ile feki inazunguka mkono kwa mkono na wewe uko kaburini bado unaandikiwa. Akashauri itupwe kisimani. Siku hizi kisima chako ni benki au polisi, ipeleke mapema, usiiweke kwenye droo kesho mtoto akaibeba kwenda kununulia kitu.

Kuhusu sheria, adhabu ambayo haikutajwa tunaiita taazir, kaachiwa kiongozi aipime kwa maslahi ya watu, kwa hiyo kukaza inaruhusiwa na wala si jambo geni, mkataba wa Geneva wa 1929 ulishasema kutengeneza na kusambaza pesa feki ni jinai hata ikiwa ni pesa ya nchi nyingine. Mimi naunga mkono ila kwa sharti moja, na hapa ndo wengi wanapita haraka: mwenye mashine na anayejua anachosambaza wabanwe haswa, lakini aliyeshikishwa bila kujua akaileta mwenyewe asigeuzwe mtuhumiwa, maana akiwekwa kaunta masaa matatu anahojiwa kama jambazi, wa pili yake ataisikiliza ile shauri ya shemeji.

Ile ya mwaka jana, istighfari (kumwomba Mungu msamaha) peke yake haitoshi kwa sababu ni haki ya mja, yaani deni la binadamu mwenzako. Kama unamkumbuka uliyempa, mrudishie thamani yake, si lazima umweleze kisa chote, hata ukiiingiza kwenye malipo yake kimya kimya inafika. Humkumbuki, toa sadaka kiasi hicho kwa niaba yake, na siku akitokea akadai, mlipe, sadaka inabaki kuwa yako.